Karo Iliyolipwa kwa Nondo

Mama alikuwa akihesabu pupa usiku, kwa taa ya chemli, kisha anawapanga mmoja mmoja kwenye sinia lenye pamba. Sisi watoto hata kukohoa karibu na meza ile tulikatazwa. Miguu ya meza ilisimama ndani ya mikebe ya maji yaliyotiwa mafuta taa kidogo, siafu wasipate njia ya kupanda, maana siafu wakipanda usiku mmoja tu, muhula mzima umeliwa. Sisemi kwa mafumbo. Karo yangu ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilitoka juu ya meza ile.

Waliokulia upande wa Gede, pwani ya Kenya, wanajua nazungumzia nini. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, ofisi yake pale pale karibu na magofu, na wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wakafundishwa kufuga vipepeo. Unamnasa jike kwa chambo cha embe zilizovunda, unamtia kwenye kizimba cha neti, anataga kwenye majani anayoyataka yeye, unawalisha viwavi mpaka wageuke pupa, kisha unawakimbiza ofisini kabla hawajapasuka. Huko wanafungwa vizuri na kupandishwa ndege kwenda kwenye nyumba za vipepeo za Ulaya na Marekani. Kabla ya hapo, wazee wengi wa kwetu waliuona msitu ule kama shamba walilonyimwa. Babu alikuwa mmoja wao. Ndovu na nyani walitoka mle kuja kula mahindi yake, naye akiingia kukata mti mmoja anakamatwa. Alikuwa akisema siku serikali ikiamua kuufyeka, shoka atakuja nalo mwenyewe.

Mama hakubishana na baba mkwe. Alipanda milimau mingi kuliko iliyohitajika na mtu yeyote, akaendelea na mambo yake.

Kiwavi wa mlimau akiwa mdogo utadhani ni kinyesi cha ndege kilichodondokea jani, na hiyo ndiyo hila yake. Akikua anageuka kijani, ananenepa, na ukimgusa anachomoa pembe mbili laini za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali inakupanda puani. Kaka yangu alikuwa akiwachokoza makusudi. Alichapwa kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Na lile neno pupa tulilipokea kama lilivyokuja, ingawa mwalimu wetu wa Kiswahili alicheka sana, kwa sababu pupa tuliyoijua sisi ni ile ya mtu anayekula chakula bado cha moto. Kumbe hakuna kiumbe asiye na pupa kama pupa. Anakaa tu. Wewe ndiye unayehangaika.

Miaka ilipita, nikajikuta Fort Wayne, jimbo la Indiana, nikifanya zamu za usiku za kuwatunza wazee. Bibi mmoja niliyekuwa nikimhudumia alikuwa na kitabu kilichokwisha jalada, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Macho yake yalikuwa yamechoka, akaniomba nimsomee. Kilikuwa A Girl of the Limberlost, riwaya ya Gene Stratton-Porter iliyotoka mwaka 1909. Nikaanza kusoma kwa sauti ya kazini, ile ya kumlaza mtu, akili yangu iko kwenye saa ya ukutani.

Msichana anaitwa Elnora. Anaishi na mama yake pembeni ya kinamasi, na siku ya kwanza ya sekondari anaenda mjini na viatu vizito na gauni la kitambaa cha bei rahisi, wenzake wanamtazama toka chini hadi juu. Hilo lilitosha kunifanya nikae vizuri kitini. Kisha anaambiwa kuna karo, kwa sababu yeye anatoka nje ya mji, na vitabu vinanunuliwa. Mama yake alijua yote hayo na hakumwambia, makusudi, aaibike arudi nyumbani. Elnora anatembea barabarani na aibu yake mpaka anafika mbele ya benki, na dirishani kuna tangazo: wanatafutwa viwavi, vifukofuko, pupa, vipepeo na nondo, bei nzuri, fedha taslimu.

Nikanyamaza. Bibi akafungua macho akaniuliza kwa nini nimeacha kusoma.

Ningemwelezaje? Ningeanzia wapi, kwenye mikebe ya mafuta taa? Nilimwambia tu kwamba nyumbani kwetu tulifanya kazi hiyo. Alifikiri nimechoka, akaniambia nikapumzike.

Basi tangu usiku ule nimesoma vitabu vya Stratton-Porter kimoja baada ya kingine, vile vilivyo vizuri na vile ambavyo mtu angeweza kuishi bila kuvisoma.

Alizaliwa mwaka 1863 shambani, wilaya ya Wabash, Indiana, mtoto wa mwisho kati ya 12. Jina lake kamili lilikuwa Geneva Grace Stratton. Baba yake alikuwa mkulima na mhubiri, na inasimuliwa kwamba mwanawe alipomlilia mwewe aliyepigwa risasi kwa kuwinda kuku, mzee alimkabidhi ndege wote wa shamba lile wawe mali yake. Naipenda sana zawadi hiyo kwa sababu haikumgharimu baba senti moja na ilimpa binti kazi ya maisha. Akiwa na umri wa miaka tisa hivi, kaka yake mpendwa alizama katika mto Wabash. Mama yake naye hakukaa sana. Sekondari hakuimaliza, aliiacha ili kumuuguza dada yake. Labda ndiyo sababu akaja kuandika riwaya nzima kuhusu msichana anayeng'ang'ania kumaliza.

Mwaka 1886 aliolewa na Charles Porter, mwenye duka la dawa, mtu mzima kwake kwa miaka 13, na baada ya muda wakahamia mji mdogo wa Geneva. Jina la mji na jina lake vililingana kwa bahati tu. Nje ya mji huo kulikuwa na Limberlost, kinamasi cha ekari kama 13,000: miti mikubwa, matope yasiyo na mwisho, nyoka, mbu, ndege wa kila namna. Wenyeji husema jina lilitokana na mtu aliyeitwa Limber Jim, aliyeingia humo asionekane tena, watu wakawa wanaulizana, Limber kapotea. Mke wa mwenye duka la dawa hakutarajiwa kuweka mguu mahali kama hapo. Yeye aliingia, tena na bastola.

Aliingia pia na kamera. Mumewe na binti yao, Jeannette, walimnunulia mwaka 1895, akajifundisha mwenyewe. Chumba chake cha kusafishia picha kilikuwa bafu la nyumbani, na vile vioo vya picha alivioshea kwenye sahani kubwa za kupakulia bata mzinga. Kinachonifanya nimwamini ni tumbusi. Wakata miti walikuwa wamegundua kiota cha tumbusi weusi ndani ya gogo la mti lililo wazi, katikati ya kinamasi, joto kali, mizoga inanuka. Alikwenda akarudi, akarudi tena, kwa wiki nyingi, akampiga picha kinda yule tangu yai hadi anakaribia kuruka. Akamwita Little Chicken, yaani kifaranga. Mumewe alimsindikiza kwa sababu aliona haiwezekani mwanamke aende huko peke yake, na nadhani mumewe ndiye aliyetapika. Hilo la kutapika ni langu, halimo popote. Lakini anayempenda kinda wa tumbusi hawezi kusemwa kwamba anapenda maumbile kwa ajili ya maua.

Kinda huyo aliingia katika riwaya ya Freckles ya mwaka 1904, na hapo ndipo unapoanza kuona jinsi akili ya mwandishi huyu ilivyokuwa na pande mbili. Freckles ni kijana yatima mwenye mkono mmoja. Ameajiriwa na kampuni ya mbao kuulinda msitu wa Limberlost dhidi ya wezi wa miti. Anatembea njia yake kila siku, anaogopa, baadaye anazoea, baadaye anawapenda ndege mpaka anawalisha wakati wa baridi. Hadithi nzuri. Ila mlinzi huyu anailinda miti ili mwajiri wake aikate. Kila mti unaookolewa kwa mwizi ukurasa wa leo, kesho unaangushwa na mwenye hati. Hakuna mhusika anayelishangaa jambo hilo, na msomaji mwenyewe anashangilia. Nililazimika kufunga kitabu ndipo likanijia.

Huko nje ya kitabu mambo yalikuwa yale yale. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880 mitaro ilikuwa ikichimbwa kukausha Limberlost, kwa mashine za mvuke, na mabomba ya udongo yakafukiwa chini ya mashamba kuyavuta maji. Mbao zikatoka, kisha mafuta. Mafuta yalipatikana hata kwenye ardhi ya akina Porter. Charles alianzisha benki ya Geneva mwaka 1895, na nyumba yao nzuri ya magogo, vyumba 14, ile ambamo riwaya hizi ziliandikwa, ilijengwa katika miaka ya neema hiyo hiyo. Sasa lirudie lile tangazo dirishani mwa benki. Mwandishi aliliweka mahali alipopajua vizuri.

Wako wanaolitaja hili ili kumuumbua. Mimi limenifanya nimsogelee. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya wapenda mazingira, wageni kwa wenyeji, ambako ukitaja bei ya pupa mmoja watu wanakunja uso, kana kwamba umehesabu pesa msikitini. Lakini babu yangu hakuacha kuuchukia msitu kwa sababu ya bundi mdogo wa Sokoke, hata kama dunia nzima inamjua bundi huyo. Aliacha siku mama alipomlipia bili ya hospitali kwa hela za vipepeo. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza wale wadudu wanakula mti gani. Stratton-Porter angemwelewa. Yule Bird Woman, Mama wa Ndege, anayewanunua nondo wa Elnora, ni yeye mwenyewe. Amejiingiza kwenye riwaya akiwa mnunuzi.

Hata vitabu vyake aliviendesha hivyo. Alichotaka hasa kuandika ni vitabu vya ndege na nondo, vyenye picha zake, na mchapishaji alijua wazi kwamba hivyo haviuziki. Wakakubaliana: riwaya moja, kitabu cha maumbile kimoja, kupokezana. Ndiyo maana 1909 kuna Elnora na kuna kitabu cha ndege wa kwenye Biblia. 1911 The Harvester, 1912 Moths of the Limberlost, ambacho picha zake alizipaka rangi kwa mkono akiwa na nondo hai mbele yake ili rangi zisidanganye. Riwaya tano zake ziliuza zaidi ya nakala milioni moja kila moja. Mapenzi, yatima, urithi uliofichwa, mabinti wema kupita kiasi: hayo ndiyo yalikuwa embe lake lililovunda. Watu walifuata harufu, wakajikuta ndani ya neti wakisoma jina la Kilatini la nondo.

Na neno nondo lenyewe. Mwambie fundi wa Mombasa unatafuta nondo, atakuuliza milimita ngapi. Vijana wa Bongo nao nondo kwao ni hoja nzito. Mdudu mwenyewe tumemwachia taa za barazani na kumfukuza kwa leso. Huko Indiana wako wa aina iitwayo Cecropia, mbawa zake zikitandazwa zinafika sentimita 15, kahawia na nyekundu na weupe kama wa majivu, na mwili una manyoya kama paka. Akishatoka kwenye kifukofuko hana mdomo wa kulia. Chakula chake chote alikula alipokuwa kiwavi. Sasa amebakiwa na siku chache za kutafuta mwenzake, anataga, basi. Jike hakimbii huku na huko. Anatulia mahali pamoja na kutoa harufu usiku, na madume wanaifuata kutoka mbali sana. Mwandishi wetu alikuwa akimweka jike karibu na dirisha, na madume wakija nyumba inajaa.

Nilimweleza mama hayo kwa sauti za WhatsApp. Akanijibu swali moja.

"Hali kabisa?"

"Hali kabisa, mama."

"Huyo angekuwa rahisi kumfuga."

Kufikia mwaka 1913 Limberlost ilikuwa imekwisha, naye akaondoka Geneva. Safari hii alinunua ardhi kwa fedha yake, pembeni ya ziwa Sylvan, kaskazini mwa jimbo hilo, akajenga nyumba nyingine ya magogo na kuanza kuhamishia huko mimea ya porini kutoka kwenye maeneo yaliyokuwa yanakaushwa. Maelfu ya mimea, kwa koleo na mkokoteni. Na mwaka 1917, ilipopitishwa sheria ya kukausha vinamasi vya wilaya za Noble na LaGrange, hakuandika riwaya ya kulia. Alipigana nayo waziwazi pamoja na wengine mpaka ikafutwa. Mwaka 1922 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Izaak Walton League, chama cha uhifadhi kilichoanzia Chicago, akaandika kutetea kulungu wakubwa wa Jackson Hole, Wyoming. Limberlost aliitazama ikifa akiwa anapiga picha. Vinamasi vya kaskazini alivipigania. Wanaomsifu huruka sehemu ya kwanza. Mimi nadhani pasipo ya kwanza, ya pili isingekuwapo.

Nisiseme kwamba nampenda kwa kila kitu. Alipohamia California aliandika Her Father's Daughter, ya mwaka 1921, na humo chuki dhidi ya Wajapani imeandikwa kwa utulivu ule ule anaotumia kueleza maua ya jangwani. Nilisoma nikiwa kwenye basi, mhamiaji miongoni mwa wahamiaji, nikakizima kitabu kwenye simu, na sijakifungua tena. Mtu anaweza kujua kila ndege kwa sauti yake na asitake kumsikia jirani. Alifariki Desemba 1924 huko Los Angeles, gari lake lilipogongana na tramu, akiwa na miaka 61.

Siku moja ya mapumziko niliendesha kwenda Geneva, kama saa moja kusini ya Fort Wayne kwa barabara namba 27. Unapita Berne, ambako Waamishi wako barabarani na mikokoteni yao ya farasi, na pande zote mbili ni mahindi, tambarare kama mkeka. Hakuna kitu cha kukuambia kwamba hapa mtu angeweza kupotea. Nyumba ya magogo ipo, jimbo linaitunza. Na kando ya mji, tangu miaka ya 1990, wenyeji wamekuwa wakirudisha sehemu ya kinamasi: ardhi inanunuliwa kwa wakulima, yale mabomba ya udongo yanavunjwa au kuzibwa, na maji yanarudi yenyewe. Hakuna anayeyapampu. Yalikuwa yakingoja tu kuachiwa. Mahali pamoja panaitwa Loblolly. Nilisimama kwenye majani yaliyonifika kifuani, viatu vimelowa, ndege wengi ambao siwajui majina. Nondo sikuona hata mmoja. Nilikwenda saa sita mchana, mtoto wa mfugaji mzima.

Bibi yangu wa Fort Wayne alifariki kabla hatujamaliza kitabu kwa mara ya pili. Tulikuwa tumefika pale ambapo Elnora amekosa nondo mmoja tu kukamilisha mkusanyiko utakaompeleka chuoni, nondo wa manjano anayeitwa Emperor, na nondo huyo anatokea nyumbani kwao, mbele ya macho yao. Mama yake, ambaye kwa miaka mingi amemlaumu kwa kifo cha baba yake aliyezama kinamasini usiku wa uzazi, anamponda. Hajui ameponda nini. Baadaye anapojua, na anapojua mengine mabaya zaidi kuhusu yule mume aliyekuwa akimlilia, anaingia kinamasini usiku, peke yake, kuwinda nondo wa kumlipa mwanawe.

Sehemu hiyo nilimsimulia mama yote, sauti nne ndefu. Tiki za buluu zikaonekana, jibu hakuna. Nikajua ameumia, hajawahi kuvumilia kusikia kitu kimepondwa. Siku ya pili asubuhi yake, usiku wangu, simu ikaita.

"Yule wa manjano," akasema, bila hata kunijulia hali. "Alikuwa dume au jike?"

Nikamwambia asikate, nikainuka kwenda kutafuta kitabu.